Shoveli ya chumvi: CAN inapotea alfajiri, mchana inarudi yenyewe, na omu 60 zipo

shoveli_gongoni

Mafundi, salaam. Mtambo ni shoveli ya magurudumu inayopakia chumvi kwenye mabwawa ya Gongoni, kaskazini ya Malindi. Umeme wake ni wa volti 24, laini ya CAN (waya mbili, H na L, ambazo kompyuta za mtambo huzungumzia) ni ya mfumo wa J1939, kasi ya kilobiti 250 kwa sekunde, na plagi ya skana ya kusomea hitilafu ni ile ya mviringo yenye pini 9, rangi nyeusi.

Asubuhi opareta akifungua swichi, monita inawaka lakini mshale wa RPM na wa joto la maji inalala sifuri. Injini inashika, ila inabaki kwenye mwendo wa chini kabisa, pedali haisikii na gia haitoki N. Skana inasoma SPN 639 FMI 9 (laini ya CAN, ujumbe haufiki kwa wakati) kutoka kompyuta ya gia na kutoka monita, na mara nyingine SPN 639 FMI 2 (ujumbe unayumba). Kompyuta ya injini inaonekana kwenye skana, inapotea, inaonekana tena. Ikifika kama saa nne, jua likishakolea, kila kitu kinarudi bila kuguswa na mtambo unafanya kazi mpaka jioni. Kusi likivuma na hewa ikiwa nzito, kupona kunachelewa hadi adhuhuri.

Vilivyokwisha pimwa ni hivi. Betri mbili zikiwa zimepumzika zinatoa volti 25.2, na alteneta ikichaji ni 28.1. Negativu ikiwa imefunguliwa, kati ya tundu C (CAN H) na D (CAN L) kwenye plagi ya skana ni omu 60.4. Rezista zote mbili za mwisho, zile za kwenye ncha mbili za laini, zimeonekana kwa macho. Kompyuta ya gia imebadilishwa kwa muda na ya mtambo pacha, na tatizo limebaki lilelile. Vipimo hivi vyote ni vya mchana, kwa sababu asubuhi mtambo unasubiriwa kwenye lundo na hakuna anayetaka usimamishwe.

Mwenye mtambo sasa anataka kuagiza kompyuta ya injini. Kabla hajatoa pesa, nipime nini?

waya_pacha

Bwana shoveli, mzuie asiagize. Vipimo vyako ni safi, ila mgonjwa umempima saa ambayo haumwi.

Omu 60 ni jibu la swali moja tu: je, rezista mbili za omu 120 zipo, na waya mbili zimefika kwao bila kukatika wala kugusana? Ukipata 120, rezista moja haipo au waya umekatika njiani. Ukipata 40, kuna rezista ya tatu ambayo mtu ameiongeza. Karibu na sifuri, H na L zimegusana. Lakini kipimo hicho unakichukua kati ya H na L, na betri imefunguliwa. Kama kuna umeme unaovuja kutoka kwenye volti 24 kuingia kwenye waya zote mbili, maltimita haitauona kamwe, kwa kuwa wakati huo volti 24 yenyewe haipo.

Kwa hiyo pima volti, na uzipime alfajiri kabla jua halijapanda. Weka maltimita kwenye DC. Waya mweusi uende kwenye nguzo ya negativu ya betri yenyewe, usiuweke kwenye bodi. Fungua swichi bila kuwasha injini, kisha gusa tundu C, ndiyo CAN H, halafu D, ndiyo CAN L. Njia ikiwa nzima, H inasoma kati ya 2.6 na 2.8, na L kati ya 2.2 na 2.4. Kompyuta zikinyamaza, waya zote mbili hukaa 2.5, zikizungumza, H hupanda hadi kama 3.5 na L hushuka hadi kama 1.5. Maltimita haina kasi ya kuona hayo, inakupa wastani. Jumlisha H na L: lazima ukaribie 5, maana moja hupanda kwa kiasi kilekile ambacho nyingine hushuka.

Jumla ikizidi 5 kwa mbali, kuna kitu kinazisukuma waya zote mbili juu, yaani zinavujiwa na pozitivu. Ikipungua sana, zinavujia kwenye bodi. Zikisoma 2.5 sawasawa bila tofauti yoyote, ama hakuna anayezungumza ama zimegusana.

Kipokezi cha CAN hakisomi H peke yake wala L peke yake, kinasoma tofauti kati yake. Ndiyo maana laini hii huvumilia kelele nyingi. Uvumilivu huo lakini una mpaka: kiwango cha ISO 11898 kinadai kipokezi kisome sawasawa pale waya zinapokaa kati ya volti −2 na +7 dhidi ya negativu. Baadhi ya vipokezi vimejengwa kuvuka hapo, vingine haviwezi. Zikisukumwa juu ya mpaka huo, kompyuta moja itasikia na jirani yake itapotewa, na hapo ndipo unaona ya injini inakuja na kwenda.

Usitumie taa ya kupimia kwenye waya hizi. Inavuta umeme mwingi kuliko kipande cha ndani kinavyoweza kubeba. Wala usitoboe ganda la waya kwa sindano; katika hewa ya Gongoni, tundu la sindano leo ni kutu baadaye.

fundi_umeme_Mld

Nakubaliana na volti, ila msiruke mambo mawili.

La kwanza ni kiungo cha katikati. Shoveli inajikunja kiunoni, na hanesi, yaani fungu la waya, inapita hapohapo ikipindwa kila usukani unapozungushwa. Waya wa ndani hukatika nyuzi chache chache ganda likiwa zima. Ishara yake ni kwamba ugonjwa unafuata usukani: unakuja ukikunja hadi mwisho kushoto, unaondoka ukinyoosha. Wa kwako unafuata saa, kwa hiyo simshuku sana, lakini kumwondoa kwenye orodha ni kazi ndogo. Negativu ikiwa imefunguliwa, acha maltimita kati ya C na D, mtu mwingine aishike hanesi ya kiunoni aitikise na kuipinda aste aste. Namba isitikisike kutoka 60. Ikiruka hadi 120 au kufunguka kabisa, hata kwa kufumba na kufumbua, mkosaji ni huyo. Ukitikisa, maltimita iwe na kitufe cha kushika kipimo cha juu na cha chini, maana macho hayawahi.

La pili ni ethi, yaani waya wa kompyuta unaorudi negativu. Kompyuta ambayo ethi yake ina kutu inapanda juu ya negativu, na volti zake za CAN zinapanda nayo. Usije ukaona H na L ziko juu ukalaumu uvujaji, kumbe ni boliti ya ethi. Washa taa zote na feni ya kibanda, kisha pima volti kati ya nguzo ya negativu ya betri na pini ya ethi ya kila kompyuta, plagi ikiwa imechomekwa, ukipitishia ncha nyembamba nyuma ya plagi pembeni ya waya bila kulazimisha mpira. Chini ya 0.1 ni nzuri. Ikizidi 0.2, fungua boliti, kwangua mpaka chuma king'ae, funga, upime tena. Fanya asubuhi hiyohiyo, kwenye hali ileile ya ugonjwa.

Na mwenye mtambo aambiwe kwamba kompyuta ya injini si sahani ya kubadilisha. Inakuja tupu, inahitaji programu ya mtambo huo na namba zake, la sivyo utaongeza hitilafu juu ya hitilafu.

waya_pacha

Ethi ni kweli kabisa, ipime kwanza. Ikitoka safi na jumla bado iko juu, kuna njia ya haraka ya kumkamata mvujaji bila kufungua hanesi.

Acha maltimita kati ya D na negativu, swichi ikiwa wazi, namba ikisoma juu. Nenda kwenye sanduku la fyuzi, chomoa moja baada ya nyingine, ukianza na zile zenye umeme hata swichi ikiwa imezimwa. Kila ukichomoa, tazama maltimita kabla ya kurudisha. Ile ambayo namba inaanguka mara moja kuelekea 2.4, uvujaji uko kwenye tawi lake. Angalia tu usichanganyikiwe: fyuzi inayolisha kompyuta ikitoka, mzungumzaji mmoja ananyamaza na wastani unasogea kidogo, sehemu ya kumi ya volti au mbili. Mvujaji akitolewa, namba inaanguka kwa volti nzima nzima.

Fikiria ni wapi volti 24 na CAN zinalala kwenye plagi moja. Kuna kompyuta ya injini, monita, kisanduku cha kufuatilia mtambo kwa setilaiti kama kipo, na plagi ya skana yenyewe. Kwenye hii ya mwisho tundu A ni negativu, B ni pozitivu ambayo kwa kawaida haizimwi na swichi, na C ni CAN H, jirani yake. Kifuniko chake kikikatika, plagi inayotazama juu inageuka kikombe cha kukinga maji. Ningeanza na fyuzi ya B.

Kisanduku cha kufuatilia nacho kitazamwe kwa makini kama kimewekwa baada ya mtambo kutoka kiwandani. Wengi wanaovifunga hubana CAN kwa vile viunganishi vya plastiki vinavyotoboa ganda, na umeme wanauchukua palepale. Chumvi ikiingia, njia ya kuvuja imeshatengenezwa.

mabwawa_marereni

Hiyo ratiba ya asubuhi kuumwa na mchana kupona ni tabia ya chumvi yenyewe. Chumvi kavu haipitishi umeme. Lakini chumvi ya kawaida, hewa ikifika unyevu wa asilimia 75, inaanza kuvuta maji kutoka hewani mpaka inayeyuka ndani ya maji iliyoyavuta. Usiku pwani hii unyevu unapita hapo bila shida, kwa hiyo ule unga mweupe uliokaa kati ya pini unakuwa brini, yaani maji ya chumvi kali, na brini inapitisha umeme. Jua likipanda, hewa inakauka, unga unarudi unga, na uvujaji unakatika. Ndiyo maana mchana maltimita haikuonyesha chochote.

Chunguza pia kama mtambo unarushiwa maji machungu, yale yanayobaki bwawani chumvi ikishaganda. Yale yamejaa magnesi, na chumvi ya magnesi huvuta maji hata hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 33 tu. Plagi iliyoingiwa na hayo haikauki hata saa sita mchana. Kwa kuwa yako inapona, hiyo ni vumbi ya chumvi au mvuke wa bahari. Ukiona siku moja mtambo haupati nafuu kabisa, tazama chini, karibu na magurudumu, mahali matope ya bwawa yanaporuka.

Kosa la usafishaji linalorudiwa kila mahali huku ni kuipiga plagi spirei ya kusafishia umeme, kuipuliza, na kuifunga. Spirei inaondoa mafuta. Chumvi haiyeyuki humo, inabaki palepale, na usiku inavuta maji upya. Chumvi inaondoka kwa maji. Tumia maji ya betri, yale ya chupa yasiyo na madini, na brashi laini ya mswaki. Negativu ikiwa imefunguliwa, osha, mwaga, osha tena hadi mara tatu, kila mara kwa maji mapya. Kisha pitisha spiriti ya isopropili ifukuze maji, halafu hewa ya kompresa kwa presha ndogo, na uache ikauke kabisa kabla ya kufunga. Usioshe kwa maji ya kisima. Visima vya ukanda huu vingi vina munyu, utakuwa unaongeza kilekile unachokitoa. Na hiyo ndiyo hasara ya kuosha mtambo kwa bomba la presha kila jioni: presha inapita kwenye mipira ya plagi, maji yana munyu, na yakikauka yanaacha mzigo wake ndani.

greda_hindi

Samahani kuingilia. Huku Hindi, upande wa Lamu, kuna greda inayosoma omu 120 kati ya C na D, lakini inafanya kazi siku nzima, inatupa tu misimbo ya mawasiliano mara moja moja. Hiyo nayo ni chumvi?

fundi_umeme_Mld

Hapana ndugu, hiyo ni rezista moja isiyofika. Kwenye laini fupi, kompyuta zinaweza kuelewana hivyo hivyo. Ishara ikifika mwisho usio na rezista inarudi nyuma na kugongana na inayofuata. Kwa kasi ya 250 kila biti inachukua mikrosekunde 4, kwa hiyo mwangwi mfupi unakufa kabla biti haijasomwa, ila siku kelele ikiongezeka, kwa mfano alteneta yenye diodi mbovu, makosa yanaanza.

Kuitafuta: negativu imefunguliwa, tafuta plagi iliyo katikati ya laini, ichomoe, upime H na L kwenye kila nusu peke yake. Kila nusu inatakiwa ikupe 120. Ile iliyo wazi ndiyo yenye kasoro, na utaendelea kuigawa hivyo hivyo mpaka ufike. Kabla hujatafuta rezista kwa macho soma mchoro wa mtambo, kwani baadhi zimo ndani ya kompyuta na nyingine ni plagi ndogo ya pini tatu iliyofungwa mwisho wa hanesi bila waya kutoka upande wa pili. Watu huiona, huidhani ni kifuniko, na huitupa. Na greda inajikunja kama shoveli, kwa hiyo hanesi ya kiunoni isipitwe.

Kuhusu matundu, hakikisha kwanza C na D ndizo. Kuna mitambo ambayo mtengenezaji amepanga pini 9 kwa mpangilio wake mwenyewe, na CAN iko kwenye matundu mengine kabisa. Mchoro kwanza, maltimita baadaye.

shoveli_gongoni

Ahsanteni. Haya ndiyo majibu ya alfajiri.

Saa kumi na mbili u nusu, swichi wazi: H 7.8, L 7.6. Saa tatu: H 4.4, L 4.1, misimbo inakuja na kwenda. Saa sita: H 2.7, L 2.3. Omu kati ya C na D, negativu imefunguliwa, ni 60 asubuhi na 60 mchana. Ethi ya kompyuta ya injini 0.05, ya gia 0.06, ya monita 0.08, taa na feni zikiwa zimewashwa. Hanesi ya kiunoni imetikiswa, namba haikucheza.

Fyuzi ya tundu B ilipotolewa, L iliporomoka kutoka 7.6 hadi 2.4 papo hapo, na monita ikaanza kusoma RPM. Ikirudishwa, inapanda tena.

Plagi ya skana iko chini ya kiti, upande wa mlango, inatazama juu. Kifuniko kimekatika kamba, hakipo. Ndani, pini B imeliwa imebaki kama nusu ya unene wake, na kati ya B na C kuna uji wa kijani uliopanda ukutani. Pini A inaonekana nzima. Nyuma ya plagi, tundu mbili zisizo na waya hazina vizibo.

Maswali matatu: naweza kuisafisha tu? Kwa nini B imeliwa na A haikuguswa? Na mtambo uendelee na kazi leo au usimame?

waya_pacha

Umemkamata.

Pini B imeliwa kwa sababu ndiyo yenye pozitivu. Kukiwa na brini na umeme wa DC, chuma cha upande wa pozitivu huyeyuka kuingia kwenye maji na kuhamia kwa jirani. Hicho kijani ni shaba iliyotoka humo. Upande wa negativu hauliwi. Na kwa kuwa B haizimwi na swichi, kazi hiyo ilikuwa ikiendelea usiku kucha mtambo ukiwa umelala. Hii ni alama nzuri ya kukumbuka popote ufunguapo plagi: pini iliyoliwa peke yake kati ya wenzake, fuata waya wake, mara nyingi utakuta ni umeme wa kudumu.

Kwa leo, mtambo ufanye kazi na fyuzi ya B ikiwa nje, lakini soma kwanza kwenye mchoro fyuzi hiyo inalisha nini kingine. Isiwe wiki nzima, kwani A bado ipo, na brini ikijaa C itaanza kuvujia kwenye negativu, na utaona jumla ikishuka chini ya 5 badala ya kupanda.

Kusafisha hakutoshi pini ikishapungua. Badilisha plagi nzima; ya upande wa mtambo ni Deutsch HD10-9-1939P, nyeusi, ya kasi ya 250. Usiweke ya kijani kwa sababu ndiyo iliyopatikana Mombasa. Kijani ni ya kasi ya 500, na skana yenye plagi ya zamani nyeusi haitaingia.

Sasa sehemu ambayo wengi wanaiharibu. Chumvi haikuishia kwenye pini. Imepanda ndani ya ganda, ikifuata nafasi kati ya nyuzi za shaba. Kata sentimita mbili za waya, menya, tazama. Nyuzi zikiwa nyeusi au kijani, kata tena, na tena, mpaka ufike shaba inayong'aa kama mpya. Kwa B huenda ukapanda sentimita 20 au zaidi. Ukibana pini mpya kwenye nyuzi nyeusi, omu zitakuwa sawa siku ya kwanza na msimu ujao utarudi hapohapo. Pakiwa na upungufu wa urefu, unganisha kipande kipya kwa kibano cha shaba chenye mpira wa gundi unaosinyaa kwa joto, juu kabisa mahali pakavu, na viungo vya C na D visikae sambamba, vipishane.

Pini ni za saizi 16, zinabanwa kwa koleo la HDT-48-00 ambalo linabana kwa ncha nne kuzunguka pini. Koleo la kawaida la kubonyeza linaiponda upande mmoja, pini inapinda na haikai katikati ya tundu. Baada ya kubana, vuta waya kwa mkono kwa nguvu, ukitoka, haukubanwa. Usilehemu kwa risasi: lehemu inapanda kwenye nyuzi, waya unakuwa mgumu, na unakatika pale ugumu unapoishia.

CAN H na L zisokotwe mpaka karibu na plagi, usiache zaidi ya sentimita 5 zilizonyooka. H ni ya njano, L ni ya kijani kwenye mitambo inayofuata kawaida ya J1939, lakini mtengenezaji anaweza kuamua vingine. Kama kuna ngao ya waya, inaenda tundu E, na inafungwa kwenye bodi mahali pamoja tu. Tundu zisizo na waya zitiwe vizibo, namba 114017. Hizo mbili zilizoachwa wazi ndizo zilizoingiza hewa ya bahari kutoka nyuma.

mabwawa_marereni

Ongeza mkao. Ukiirudisha pale pale ikitazama juu, kifuniko kipya kitapotea kama cha kwanza. Tengeneza bamba dogo itazame chini au ubavuni, na waya uteremke chini ya plagi kwanza kisha upande, ili maji yadondoke kwenye kona kabla ya kufika.

Kuhusu grisi ya umeme, paka kiasi kidogo kwenye mpira wa kifuniko na mpira wa nyuma. Usiijaze kwenye matundu. Plagi iliyoshindiliwa grisi inasukuma mpira nje ukiifunga, na vumbi ya chumvi inashika kwenye grisi iliyovimba nje.

Na swichi kuu ya betri izimwe kila jioni. Pini ya pozitivu isiyo na umeme usiku haiwezi kuliwa. Opareta asubiri dakika mbili tatu baada ya kuzima injini kabla ya kuikata, kompyuta zimalize kuandika kumbukumbu zao, la sivyo utaanza kuona misimbo mingine ya umeme uliokatwa ghafla.

fundi_umeme_Mld

Na mtu akija kuchomelea bakuli la shoveli, negativu ifunguliwe na kompyuta zichomolewe plagi, klempu ya ethi ya mashine ya kuchomelea iwekwe karibu kabisa na mahali pa kazi kwenye kipande hicho hicho. Mkondo wa kuchomelea ukipita kwenye pini za kiunoni, unaunguza vipokezi vya CAN, na dalili zake zitafanana sana na hizi, isipokuwa hazitajali saa.

shoveli_gongoni

Plagi imebadilishwa, B ilikatwa sentimita 25 ndipo shaba ikang'aa, C sentimita 8, D sentimita 4. Plagi inatazama chini sasa. Alfajiri ya leo, hewa nzito: H 2.7, L 2.3, fyuzi ya B ikiwa ndani. Omu 60.2. Misimbo yote imefutwa na haijarudi, gia inaingia tangu swichi inapofunguliwa. Kompyuta ya gia ya mtambo pacha imerudishwa kwake.

Nimeona plagi ya monita nayo ina unga mweupe kwenye mpira wa nje, ndani bado sijafungua.

waya_pacha

Ifungue kabla ya kusi kuingia. Monita nayo ina volti 24 ya kudumu kwa ajili ya saa na kumbukumbu. Pini zikiwa bado nzima, osha kwa maji ya betri kama alivyoeleza bwana wa Marereni, na ubadilishe mpira kama umekakamaa. Ukikuta moja imeanza kupungua, usiirudishe. Na mtambo pacha upimwe volti alfajiri hata kama haulalamiki: ukisoma jumla ya 5.6 au 6, tayari umeanza kuvuja.